SOMO LA URITHI: SIFA INAYOTAWALA NA SIFA INAYOJIFICHA

Ndugu Wanachama,

Katika mikutano ya matawi yetu limekuwa likiulizwa swali moja mara kwa mara, nalo ni hili: mtu akichuma mbegu katika mkarafuu ulio bora kuliko yote shambani mwake, kwa nini baadhi ya miche inayoota humo haifanani na mama yake? Wengine hulaumu udongo, wengine jua la kitaluni, na wengine husema ni nyota ya mtu. Udongo na jua vina sehemu yao, hatukatai. Lakini liko jambo jingine ndani ya mbegu yenyewe, na mkulima asiyelijua hufanya kazi gizani.

Swali hili si la mchezo. Mkarafuu hukaa miaka sita hadi minane kabla ya kuanza kuzaa. Mwenye kukosea mbegu mwaka huu hatalijua kosa lake mpaka mwanawe aliye darasa la kwanza leo amekuwa kijana wa sekondari. Mkulima wa mahindi hujirekebisha mwaka unaofuata, ilhali sisi mwaka wetu mmoja ni kama wao saba. Kwa hivyo yatupasa tujue zaidi kabla ya kupanda, na ndiyo maana tumeandika somo hili.

I. MAMBO TULIYOYAONA IHANDA

Jawabu tulilipata mbali na pwani, kwa wakulima wa kahawa. Ihanda ni mahali katika wilaya ya Mbozi, nchi ya Wanyiha, kwenye nyanda za juu upande wa Tunduma na mpaka wa Zambia. Zamani ilikuwa ni sehemu ya mkoa wa Mbeya, na tangu mwaka 2016 ni mkoa wa Songwe, ambao makao yake ni Vwawa. Huko hakuna mnazi wala mkarafuu. Kuna baridi, mahindi, maharage, na mibuni ya Arabika.

Adui mkubwa wa mibuni katika nchi za baridi na mvua ni chulebuni. Ni ukungu unaoshambulia buni zikiwa bado mbichi: huonekana doa jeusi lililobonyea, kisha buni nzima hukauka mtini au huanguka. Ugonjwa huu ulitambuliwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1922, na katika mwaka wa mvua nyingi mkulima asiyepiga dawa aweza kupoteza sehemu kubwa ya mavuno yake. Dawa ni ghali, na mvua huiosha. Kwa ajili hiyo watafiti wamefanya kazi miaka mingi kutafuta mibuni isiyoshikwa na ugonjwa. Katika Tanzania kazi hiyo hufanywa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, yenye makao Lyamungu, Kilimanjaro, na kituo kimoja cha taasisi hiyo kipo Mbimba, huko huko Mbozi.

Mzee mmoja wa Ihanda, ambaye jina lake hatulitaji kwa kuwa hatukumwomba ruhusa, alitupeleka shambani. Alikuwa na mibuni chotara iliyopandwa kwa vikonyo. (Wanachama wasichanganye: hivi si makonyo yetu ya karafuu. Kikonyo huko ni kipande cha chipukizi kinachokatwa katika bustani mama na kuoteshwa mpaka kikawa mche.) Mibuni hiyo ilikuwa safi, haina doa. Mzee akaona, kwa nini niendelee kununua miche? Akachuma buni zilizoiva katika mti mmoja ulio bora, akazisia, akapanda miche yake pembeni. Ilipozaa, mingi ilikuwa salama kama mama yao. Lakini baadhi, waliotoka mti mmoja na kulelewa shamba moja, buni zao zikawa nyeusi.

Majirani wakasema amerogwa, wengine wakasema miche ya mwanzo ilikuwa ya udanganyifu. Hapana moja lililo kweli katika hayo. Mti mama ulikuwa mzima kweli, na watoto wagonjwa walikuwa wake kweli. Ugonjwa haukuwamo ndani ya mti mama, bali udhaifu ulikuwamo, umejificha. Na namna ya kujificha kwake ndiyo somo letu.

II. MTAWA NA NJEGERE ZAKE

Aliyeifumbua siri hii kwanza ni Gregor Mendel, mtawa katika mji wa Brno, ambao leo uko katika nchi ya Czech. Baina ya mwaka 1856 na 1863 alipanda njegere katika bustani ya nyumba ya watawa, akazihesabu moja moja kwa uvumilivu wa ajabu. Alichukua aina mbili: moja ambayo mbegu zake sikuzote ni za mviringo, na nyingine ambayo mbegu zake sikuzote zimekunjamana. Akazichavusha kwa mkono wake, moja kwa nyingine.

Watu wengi wangedhani watoto watakuwa kati kwa kati, wamekunjamana kidogo. Sivyo ilivyokuwa. Watoto wote walikuwa mviringo, kana kwamba upande wa pili haukuwapo. Lakini Mendel hakukomea hapo. Aliwaacha watoto hao wajichavushe wenyewe, kisha akahesabu wajukuu. Alipata mbegu 7,324: za mviringo 5,474 na zilizokunjamana 1,850. Gawanya mwenyewe utaona: ni karibu tatu kwa moja. Sifa iliyodhaniwa kuwa imekufa ilirudi kwa wajukuu, kamili, haikupungua hata kidogo.

Mendel aliyasoma haya mbele ya wenzake mwaka 1865, yakapigwa chapa mwaka 1866, na karibu watu wote wakayapuuza. Alifariki mwaka 1884 bila ya kusifiwa kwa kazi hii. Mwaka 1900 wataalamu wengine wakafika pale pale kwa njia zao, ndipo wakagundua kuwa mtawa alikwisha watangulia.

III. MAANA YA KUTAWALA NA KUJIFICHA

Maelezo yake ni haya, na twaomba mwanachama ayasome polepole.

Kila kiumbe, mti au mtu, anayo ndani ya mwili wake maagizo yanayoitwa jeni. Kila jeni ni agizo la kufanya kazi fulani, kwa mfano kutengeneza rangi ya ngozi. Na kila agizo huwa na nakala mbili: moja imetoka kwa baba, na moja kwa mama. Nakala hizo zaweza kufanana au kutofautiana. Sura mbalimbali za jeni moja huitwa aleli.

Mzazi anapozaa hatoi nakala zote mbili. Hutoa moja tu, na ipi itatoka ni bahati, kama kurusha sarafu. Mwenzake naye hutoa moja. Mtoto akakamilisha mbili.

Sasa, ikiwa mtu ana aleli mbili tofauti, ni ipi itakayoonekana? Mara nyingi moja huonekana na nyingine haionekani. Ile inayoonekana twasema inatawala. Ile isiyoonekana twasema imejificha. Iliyojificha haikufutika. Imekaa kimya, yangoja kukutana na mwenzake wa namna yake.

Kwa nini moja ijifiche? Fikiri nyumba yenye taa mbili. Taa moja ikizimika, nyumba bado ina mwanga, na mpita njia hatajua kuwa moja imekufa. Zikizimika zote mbili, ndipo giza huingia. Aleli nyingi zinazojificha ni kama taa iliyozimika: ni agizo lililoharibika, lakini nakala nzima iliyobaki yatosha kufanya kazi. Kuna upande wa pili pia. Ndimu kidogo katika maziwa yatosha kuyagandisha. Aleli nyingine zinazotawala ni kama ndimu hiyo: moja tu yatosha kuleta athari yake.

Wala si lazima kila mara moja itawale kabisa. Katika mibuni iko aina ambayo majani machanga ni ya kijani, na iko ambayo majani machanga ni rangi ya shaba. Ukiwachanganya, watoto huwa na shaba hafifu, kati kwa kati. Hapo hapana mtawala kamili.

IV. HESABU YA MZEE WA IHANDA

Turudi kwenye chulebuni. Katika kituo cha utafiti cha Ruiru, Kenya, watafiti Van der Vossen na Walyaro walitangaza mwaka 1980 kwamba uzima wa mibuni mbele ya ugonjwa huu hutegemea hasa jeni tatu. Ya kwanza waliiita R. Imo katika mbuni uitwao Rume Sudan, na aleli yake hutawala. Ya pili waliiita T. Imetoka katika chotara wa Timor. Ya tatu waliiita k. Imo katika aina ya K7, na aleli yake hujificha, yaani haina faida mpaka ziwe mbili.

Tuchukue R peke yake ili somo liwe jepesi. Aleli ya uzima tuiandike R, na aleli ya udhaifu r. Mti mama wa yule mzee tuseme ulikuwa Rr. Kwa kuwa R hutawala, mti ulikuwa mzima. Mbuni wa Arabika aghalabu hujichavusha wenyewe, kwa hivyo mama na baba ni mti huo huo. Upande mmoja hutoa R au r, na upande wa pili vile vile. Chora mraba hivi:

            R       r
   R       RR      Rr
   r       Rr      rr

Katika vyumba vinne, vitatu vina R, na miti hiyo ni mizima. Kimoja ni rr, nacho hakina kinga. Ndio wale weusi wa mzee wetu. Tatu kwa moja, hesabu ile ile ya njegere. Shambani mambo huwa na mchanganyiko zaidi, maana jeni ni zaidi ya moja na hali ya hewa nayo ina neno lake, lakini msingi ni huu.

Tazameni vile vile ile mizima mitatu. Mmoja ni RR na miwili ni Rr. Kwa macho hakuna mtu awezaye kuwatofautisha. Lakini mbegu za RR zitatoa watoto wazima wote kwa jeni hii, na mbegu za Rr zitarudia kisa kile kile. Basi uzuri wa mti si dhamana ya mbegu zake. Ndiyo maana kule Mbozi mibuni chotara huzidishwa kwa vikonyo: kikonyo ni mti ule ule, una nakala zile zile mbili, haujapitia bahati ya sarafu. Mbegu ni mtoto, kikonyo ni mti mwenyewe katika mahali papya.

Na hii k nayo ina funzo lake la subira. Mbuni mwenye kk ukiuchanganya na mbuni dhaifu wa KK, watoto wote watakuwa Kk, na wote watakosa kinga hiyo. Mtu mwenye haraka angewang'oa na kusema kazi imepotea bure. Lakini wajukuu, mmoja katika kila wanne kwa wastani, atakuwa kk na kinga itarudi. Sifa njema nayo hujificha. Si kila kinachojificha ni kibaya.

V. FIKRA TATU ZA KUSAHIHISHA

Kabla ya kwenda mbele, tuondoe fikra tatu ambazo huwapotosha hata wasomi.

Ya kwanza ni kudhani kwamba kinachotawala ndicho bora. Kutawala maana yake ni kuonekana tu. Maradhi mengine ya kurithi hutawala, na kinga nyingine, kama k, hujificha.

Ya pili ni kudhani kwamba kinachotawala ndicho kilicho kingi, na kwamba mwisho kitafuta kingine. Mtoto kuzaliwa na kidole cha sita ni sifa ambayo mara nyingi hutawala, na hata hivyo watu wengi wana vidole vitano. Aleli haizidi wala haipungui kwa sababu ya kutawala. Huzidi ikiwa wenye kuwa nayo huzaa na kuishi zaidi.

Ya tatu ni kudhani kwamba tatu kwa moja ni ahadi. Mtu huambiwa mmoja katika wanne, akishapata mtoto mmoja mgonjwa hudhani watatu wafuatao watakuwa salama. La. Sarafu haina kumbukumbu. Kila mbegu ni kura mpya, na kila mimba ni kura mpya.

VI. HABARI HII KATIKA WANADAMU

Hapa somo laacha kuwa la shamba tu, na twaomba kila baba na mama alisome.

Wazazi wawili weusi huweza kupata mtoto mwenye ualbino. Mara ngapi tumesikia mke akiulizwa mtoto huyu ametoka wapi, na mara ngapi ndoa imevunjika siku ya arubaini? Jawabu ni ule mraba. Ualbino huu wa mwili mzima hurithiwa kwa aleli inayojificha. Tuiandike a, na aleli inayofanya rangi A. Mtoto hapati ualbino ila akipokea a mbili: moja kwa mama na moja kwa baba. Kwa hivyo mume anayemwita mkewe mzinzi kwa sababu hiyo anamtuhumu kwa jambo ambalo yeye mwenyewe ameshiriki nusu kwa nusu. Baba naye ametoa a yake, bila ya kujua kuwa anayo.

Waliosoma vyuoni watakumbuka hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, iliyomo katika Sahihi ya Bukhari. Bedui mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) akiwa na shaka juu ya mkewe kwa kuwa amezaa mtoto mweusi. Mtume akamwuliza juu ya ngamia wake, ambao walikuwa wekundu, kama hamna kati yao aliye na rangi ya kijivu. Bedui akakiri kuwa wamo. Alipoulizwa hao wametoka wapi, akasema huenda ni asili ya nyuma iliyowavuta. Mtume akamwonyesha kuwa na mtoto wake huenda amevutwa na asili vivyo hivyo. Mwenye akili atosheke na hilo.

Hesabu yake nayo yashangaza. Makadirio yanayotajwa sana kwa Tanzania ni mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400. Mtu atasema, basi ni jambo la nadra, halinihusu. Lakini ili mmoja katika 1,400 awe na a mbili, lazima a yenyewe iwe kiasi cha moja katika kila nakala 37, maana 37 mara 37 ni karibu 1,400. Na kwa kuwa kila mtu ana nakala mbili, wanaobeba a moja, wenyewe weusi kabisa, ni karibu mmoja katika kila 19. Katika msikiti wenye safu mbili za watu ishirini, yumkini wawili wamebeba. Si watu wa ajabu. Ni sisi.

Kutokujua haya kumemwaga damu. Katika miaka ya 2000 na 2010 watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo huko Tanzania Bara kwa sababu ya uongo wa waganga. Hakuna utajiri katika kiungo cha mtu. Katika mwili wake limepungua jambo moja tu, nalo ni rangi inayoikinga ngozi na macho na jua. Anachohitaji ni kofia pana, nguo za mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, miwani, na nafasi ya mbele darasani. Wanachama wenye watoto kama hao wasiwatume kuchuma karafuu wala kuanika juani adhuhuri. Kazi ya kupima mizani na kuandika daftari iko kivulini.

Jambo la pili ni selimundu, ugonjwa wa damu ambao chembe nyekundu hupinda kama mundu. Nao hurithiwa kwa aleli moja inayojificha, yaani S. Mwenye AS kwa kawaida ni mzima. Mwenye SS ndiye mgonjwa, ana maumivu ya mifupa, upungufu wa damu, na homa za mara kwa mara. Hukadiriwa kuwa katika Tanzania huzaliwa kila mwaka watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu.

Kwa nini aleli mbaya kama hii isitoweke? Anthony Allison, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alitoa jawabu mwaka 1954. Aliona kuwa wenye aleli hii ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, penye malaria nyingi, na ni wachache katika nyanda za juu zenye baridi. Akapima, akaonyesha kuwa mtoto mwenye AS hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Basi kitu kimoja chaweza kuwa ngao mahali pa mbu na mzigo tu mahali pasipo mbu. Sisi watu wa visiwa, ambao babu zetu waliishi na homa hiyo, twaibeba kwa sababu iliwahi kuwaokoa.

Ama habari ya kuoana mtoto wa ami na mtoto wa ami, sheria yaruhusu, wala hatuna haki ya kuharimisha kilicho halali. Lakini kilicho halali si lazima kiwe wajibu, na hesabu ijulikane. Tuseme babu mmoja alibeba aleli moja iliyojificha. Kila mwanawe ana nafasi moja katika mbili ya kuibeba, na kila mjukuu moja katika nne. Wajukuu wawili wakioana, nafasi ya wote wawili kuibeba ni moja katika kumi na sita, na mtoto wao kupata mbili ni moja katika 64. Kwa ualbino, linganisha 64 hii na 1,400 ya watu wote. Penye ugonjwa wa kurithi unaojulikana katika ukoo, wachumba wapime damu kabla ya mahari. Kipimo cha selimundu ni cha damu kidogo tu. Kupima si kuvunja posa, ni kufungua macho.

VII. NA MIKARAFUU YETU?

Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku. Katika karne ya 17 Waholanzi waliing'oa mikarafuu ya visiwa vingi huko ili biashara ibaki mikononi mwao. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifaulu kuitoa kwa siri mpaka Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja, ambako Saleh bin Haramil Al-Abry hutajwa kuwa ndiye aliyeileta. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, ikawa ndiyo ghala ya karafuu.

Tazameni safari hiyo kwa jicho la somo letu. Kila kituo walipita wachache tu. Juu ya hayo, ua la mkarafuu huweza kujichavusha lenyewe, ingawa nyuki nao hufanya kazi yao. Mti wa Aa ukijichavusha, nusu ya watoto ni Aa. Kizazi cha pili hubaki robo, cha tatu thumuni, na cha sita ni moja katika 64. Aleli tofauti hutengana, na miti hufanana. Ndiyo sababu mikarafuu yetu haina tofauti nyingi kama maembe yetu.

Kufanana huko kuna heri na shari. Heri ni kwamba mbegu ya mti mwema, kwa kiasi kikubwa, itafuata mama yake kuliko mbegu ya chotara wa Ihanda. Shari ni kwamba adui akiweza mmoja, aweza wengi. Wazee wetu waliuona ugonjwa wa kifo cha ghafla ulivyokausha mikarafuu mikubwa, ugonjwa ambao watafiti Nutman na Roberts waliueleza katika miaka ya 1950 kuwa ni kazi ya ukungu.

Kadhalika mwanachama asidhani kuwa wingi wa mavuno ya mkarafuu umo katika jeni moja kama rangi ya njegere. Sifa kama mavuno na ukubwa wa mti hushikwa na jeni nyingi pamoja, kila moja yaongeza kidogo au kupunguza kidogo, na udongo na matunzo juu yake. Wala sisi hatuwezi kukimbilia vikonyo kwa wepesi kama watu wa kahawa, maana mkarafuu ni mgumu kuoteshwa kwa vipande. Silaha yetu kubwa ni kuchagua mbegu. Kwa hivyo twashauri hivi:

1. Usiuhukumu mti mama kwa mwaka mmoja. Andika mavuno ya mti kwa misimu minne au mitano, kisha ndipo uuite mama.

2. Tazama na watoto wake. Mti ambao miche yake ya zamani imekua sawasawa na kuzaa vyema ndio wenye mbegu za kuaminika. Watoto ndio mashahidi wa kilichofichika ndani ya mama.

3. Karafuu huchumwa kabla ya ua kufunguka, kwa hivyo mbegu haipatikani ila kwa kuacha. Tenga matawi machache katika mti mama, uyaache yazae matunda mpaka yaive.

4. Sia mbegu zikiwa mbichi, maana mbegu ya karafuu haivumilii kukaa. Baada ya wiki chache hufa.

5. Usichukue mbegu zote katika mti mmoja, hata uwe mzuri namna gani. Chukua katika miti mama kadhaa, ikiwezekana ya mashamba mbalimbali, ili udhaifu uliojificha katika mmoja usienee shamba zima.

6. Miche iliyojiotea chini ya miti usiipande ila unapokosa kabisa. Hujui baba yake, na mara nyingi hujui hata mama yake.

7. Kitaluni, kila kikundi cha miche kiwe na kibao chenye jina la mti mama na mwaka. Mche usio na jina ni mtoto asiye na ukoo.

MASWALI YA KUJIPIMA

Jaribuni haya kabla ya kusoma majawabu. Yafaa msome pamoja na watoto wenu walio skuli.

(a) Mbuni wa Rr umechavushwa na mbuni wa rr. Watoto wangapi kwa wastani watakosa kinga ya R?

(b) Mume ana ualbino. Mke ni mweusi na hana aleli ya ualbino. Je, watoto wao watakuwa na ualbino?

(c) Mume na mke wote ni AS. Mtoto wao wa kwanza ni SS. Je, wa pili amesalimika?

(d) Watu wawili ni weusi, nao wana mtoto mwenye ualbino. Wana mtoto mwingine mweusi. Kuna nafasi gani kwamba huyu mweusi amebeba aleli iliyojificha?

MAJAWABU

(a) Nusu. Mzazi wa rr hutoa r tu, na mwenzake hutoa R au r sawa kwa sawa.

(b) La. Kila mtoto atapokea a kwa baba na A kwa mama. Wote watakuwa weusi, na wote watabeba.

(c) La, hatuwezi kusema hivyo. Nafasi yake ni ile ile, moja katika nne ya kuwa SS. Kila mimba ni kura mpya.

(d) Mbili katika tatu. Wengi watajibu nusu. Lakini tazama mraba: katika vyumba vinne, kimoja ni aa, na huyu tunamjua kuwa si aa. Vimebaki vitatu, na katika hivyo viwili ni Aa.

Mwanachama aliyepata la mwisho bila ya kutazama amelielewa somo hili kuliko wengi. Asiyelipata achore mraba tena, kisha amfundishe jirani yake, maana kufundisha ndiko kunakokaza elimu. Matawi yatakayopenda somo hili lielezwe mkutanoni yaandike kwa Katibu, nasi tutakuja na ubao na chaki, in sha Allah, kabla ya msimu wa kusia mbegu.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Chama